Parkinson: Ugonjwa wa Kutetemeka na Mazoezi ya Kutia Nguvu

Katika darasa letu la jioni alikuwapo mzee mmoja. Alijiandikisha akiwa na umri wa miaka 66. Baada ya mwaka mmoja alijua kusoma. Alijua kuandika jina lake, na aliweza kumwandikia barua fupi mwanawe aliyeko Mwanza. Nilimsifu mbele ya wenzake.

Mwaka wa pili mambo yalibadilika. Alianza mstari kwa herufi kubwa, lakini kila neno lilipungua. Mwisho wa mstari herufi zilikuwa ndogo kama punje za ulezi. Hazikusomeka. Alichelewa kumaliza kuandika. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Wenzake walipocheka, uso wake haukucheka.

Nilidhani amechoka na kisomo. Siku moja nilimwambia, "Mzee, andika kubwa. Karatasi ipo ya kutosha, usiionee uchungu." Darasa zima likacheka. Yeye alinijibu polepole:

"Mwalimu, mimi naandika kubwa. Herufi zenyewe ndizo zinazopungua."

Wiki mbili baadaye aliacha kuja darasani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, naye aliona haya. Kijijini watu walisema mengi. Wengine walisema ni lubisi, hali mzee mwenyewe alikuwa hanywi pombe. Wengine walisema amerogwa. Baada ya miezi minne binti yake alimpeleka hospitali. Huko ndiko tulikojua ukweli. Mzee alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, na zile herufi ndogo zilikuwa dalili yake.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu, katika daftari nililolisahihisha kila wiki. Sikuijua. Badala ya kumsaidia, nilimchekesha kwa watu. Ndiyo sababu nimeandika somo hili. Lisome polepole, kisha msomee na jirani.

Parkinson ni ugonjwa gani?

Jina hili hutamkwa "Pakinsoni". Ni jina la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeuandika ugonjwa huu katika kitabu chake mwaka 1817 mjini London. Ugonjwa wenyewe haukuanza naye. Watu waliugua kabla yake, na wanaugua katika nchi zote za dunia.

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo ndio unaoamrisha mwili. Ukitaka kuinua jembe, ubongo huupelekea mkono amri. Ukitaka kutembea, ubongo huipelekea miguu amri. Ili amri ziende vizuri, ubongo unahitaji kitu kiitwacho dopamini. Dopamini hutengenezwa na chembe hai ndogo sana zilizomo ndani ya ubongo.

Tufananishe na ofisi ya kijiji. Mwenyekiti anaandika barua, na wajumbe wanazipeleka kwa wananchi. Wajumbe wakiwa wengi, barua hufika mapema. Wajumbe wakipungua, barua huchelewa, na nyingine hufika zimechanika. Mwenyekiti ni mzima na wananchi ni wazima, lakini kazi za kijiji zinakwama. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa Parkinson. Chembe zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogo kidogo. Amri zinachelewa, na mwili unakuwa mzito.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, wanaume kwa wanawake. Lakini hata mtu wa miaka 40 anaweza kuupata. Hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja, kulala naye chumba kimoja na kumshika mkono bila hofu.

Dalili zake

Dalili kubwa ni hizi:

1. Kutetemeka. Mara nyingi huanza mkono mmoja au mguu mmoja. Mkono hutetemeka zaidi ukiwa umepumzika juu ya paja kuliko unapofanya kazi.

2. Kuwa mzito. Kufunga vifungo, kumenya ndizi au kugeuka kitandani huchukua muda mrefu.

3. Kukakamaa. Mikono, miguu na shingo huwa vigumu kukunjika. Wengi hudhani ni baridi yabisi.

4. Kupoteza usawa wa mwili. Mtu huinama mbele, hutembea kwa hatua fupi za kuburura miguu, na huanguka kwa urahisi.

Dalili nyingine ni mwandiko kuwa mdogo, sauti kuwa ya chini, uso kutoonyesha furaha wala hasira, kutosikia harufu, kufunga choo, usingizi mbaya na moyo kuwa na huzuni.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, si kila mgonjwa wa Parkinson hutetemeka. Pili, si kila anayetetemeka ana Parkinson. Homa, pombe na magonjwa mengine pia hutetemesha mwili. Ziko hata dawa za kuzuia kutapika na dawa za magonjwa ya akili zinazoweza kuleta dalili kama hizi. Kwa hiyo usimpe jirani ugonjwa kwa kumtazama tu. Mtabibu ndiye atakayepima. Atamwambia atembee, agongeshe vidole na pengine aandike. Hiki si kipimo cha damu kama cha malaria. Mgonjwa hutazamwa kwa makini na huulizwa maswali. Kwa hiyo mwambie mtabibu habari zote, na umwonyeshe dawa zote unazotumia.

Si uchawi

Ng'ambo ya mpaka wetu, huko Uganda, liko neno "obuko". Wengi huamini kuwa mtu akivunja mwiko wa wakwe, kwa mfano akimgusa mama mkwe wake, atapatwa na buko na mwili wake utatetemeka. Kwa imani hiyo wagonjwa wengi wamefichwa ndani na kutiliwa mashaka. Waganda wenyewe wameanzisha chama cha kuwasaidia wagonjwa na kukiita "Parkinson's Si Buko". Maana yake ni kwamba Parkinson haitokani na buko. Jina lenyewe ni somo.

Hapa kwetu wengi hawajaambiwa ukweli huo. Mwaka 2006 wataalamu waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Eneo hilo lilikuwa na watu zaidi ya 160,000. Waliwakuta wagonjwa 33. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kuwa wana Parkinson. Walikuwa wakiishi na ugonjwa bila kulijua jina lake wala dawa yake. Je, katika vijiji vya Bukoba na Muleba hakuna watu kama hao?

Ugonjwa huu hauchagui wanyonge. Muhammad Ali alikuwa bingwa wa ngumi wa dunia. Watu wazima wengi hapa wanakumbuka alivyompiga George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Mwaka 1980 alifika Dar es Salaam. Mwaka 1984 madaktari walimwambia kuwa ana Parkinson. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta, Marekani, mkono wake ukitetemeka na dunia nzima ikitazama. Hakuuficha. Alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 74.

Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa nini mazoezi ya kutia nguvu?

Mgonjwa anapoona mwili mzito, hukaa. Jamaa nao humwambia, "Kaa tu, Mzee, pumzika." Wanasema hivyo kwa upendo. Lakini jembe likikaa ndani bila kulima hushika kutu. Misuli isiyofanya kazi hunyauka. Mgonjwa sasa anakuwa na shida mbili. Ya kwanza ni ugonjwa wa ubongo. Ya pili ni udhaifu wa misuli, na huu umeletwa na kukaa. Shida ya pili tunaweza kuipunguza kwa mikono yetu wenyewe.

Mwaka 2013 wataalamu wa Chicago, Marekani, walitoa habari za wagonjwa 48 wa Parkinson waliofanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili. Waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kujinyoosha, ya usawa wa mwili na ya kutia nguvu kidogo. Kundi la pili liliinua vitu vizito, na uzito uliongezwa kila walipopata nguvu. Baada ya miaka miwili, kundi la pili lilikuwa na nafuu kubwa zaidi katika dalili za mwendo na wepesi wa mwili.

Hata nchini mwetu jambo hili limejaribiwa. Huko Hai wagonjwa 21 ambao walikuwa bado hawajaanza dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata mlio wa chombo kinachogonga kwa mpigo sawa, kama ngoma. Walifundishwa kwa wiki tatu. Mwendo wao ukawa wa kasi zaidi na hatua zao zikawa ndefu zaidi.

Nisikudanganye, ndugu msomaji. Mazoezi hayaponyi Parkinson. Mpaka leo hakuna kitu kinachouponya. Lakini mwenye misuli yenye nguvu huinuka mwenyewe kitini, hutembea vizuri zaidi na hujitegemea kwa muda mrefu zaidi. Kwenda chooni bila kushikwa mkono ni heshima kubwa kwa mtu mzima.

Kabla ya kuanza

- Nenda kwanza kwa mtabibu, hasa kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au umewahi kuvunjika mfupa. Kama hospitali ina mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwombe akuonyeshe.
- Fanya mazoezi wakati dawa imeshika na mwili ni mwepesi.
- Awepo mtu karibu nawe, hasa siku za mwanzo.
- Chagua mahali pakavu na tambarare. Udongo wetu ukinyeshewa huteleza.
- Vaa viatu vinavyoshika mguu. Ndala huvuka na kukuangusha.
- Pasha mwili moto kwanza. Tembea uani kwa dakika tano huku ukirusha mikono.
- Usizuie pumzi. Toa pumzi wakati wa kuinua, vuta pumzi wakati wa kushusha.
- Ukisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au pumzi kukata, acha mara moja na umwone mtabibu.

Mazoezi sita ya nyumbani

*Zoezi la 1: Kuinuka na kuketi.* Tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, au benchi, na ukiegemeze ukutani. Keti mbele kidogo. Vuta miguu nyuma, chini ya magoti. Inamisha kifua mbele, kisha inuka mpaka usimame wima. Rudi kuketi polepole. Usijiangushe kama gunia la kahawa. Mwanzoni unaweza kusukuma kwa mikono. Ukipata nguvu, kunja mikono kifuani. Zoezi hili hutia nguvu mapaja na makalio.

*Zoezi la 2: Kuinua visigino.* Simama ukishika kitu imara, kama dirisha, nguzo ya nyumba au mti wenye mizizi mirefu. Usishike mgomba, maana huanguka pamoja nawe. Inua visigino, usimame kwa vidole, hesabu mpaka 3, kisha shusha. Zoezi hili hutia nguvu miguu ya chini.

*Zoezi la 3: Kusukuma ukuta.* Simama hatua moja kutoka ukutani. Weka viganja ukutani sawa na mabega. Kunja viwiko mpaka kifua kikaribie ukuta, kisha jisukume urudi. Mwili uwe umenyooka kama ubao. Zoezi hili hutia nguvu kifua na mikono.

*Zoezi la 4: Kuvuta mpira.* Chukua mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, hata uliotoboka. Ukate uwe kamba moja ndefu, na uzungushe katikati yake kwenye nguzo imara, sawa na kifua chako. Shika ncha mbili. Vuta mpaka viwiko vipite mbavu, kifua kikiwa mbele. Rudisha polepole. Kabla ya kuvuta tazama kama mpira una nyufa, usije ukakatika. Zoezi hili hutia nguvu mgongo. Ni la lazima, kwa sababu Parkinson humwinamisha mtu.

*Zoezi la 5: Kuinua chupa.* Chukua chupa mbili za plastiki zenye maji. Maji ya nusu lita ni nusu kilo. Maji ya lita moja ni kilo moja. Keti au simama, viwiko karibu na mbavu. Kunja mikono na uinue chupa mpaka mabegani, kisha shusha polepole. Zoezi hili hutia nguvu mikono ya kubebea ndoo na kushikia jembe.

*Zoezi la 6: Kupanda ngazi moja.* Tumia kizingiti au ngazi ya baraza, ukishika nguzo. Panda kwa mguu wa kulia, lete wa kushoto. Shuka. Kisha anza na wa kushoto. Inua goti juu hasa, usiburure.

Mara ngapi, na kuongeza vipi?

Fanya mazoezi haya siku mbili au tatu kwa wiki. Usifuatanishe siku. Kwa mfano fanya Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Misuli hupata nguvu wakati wa kupumzika, kama vile shamba linavyopata mbolea likiachwa. Siku nyingine tembea tu.

Hesabu ni hizi:

Wiki ya 1 na ya 2: kila zoezi mara 8, mkupuo mmoja.

Wiki ya 3 na ya 4: kila zoezi mara 8, mikupuo miwili. Pumzika dakika mbili kati ya mkupuo na mkupuo.

Baada ya hapo: ongeza mara moja moja mpaka zifike 12.

Ukiweza kufanya mara 12 katika mikupuo yote miwili bila shida, basi zoezi hilo limekuwa jepesi. Ongeza uzito kidogo na urudi mara 8. Kama ulitumia chupa za nusu lita, jaza za lita moja. Kama mpira umelegea, shika karibu zaidi na nguzo. Kama kuinuka kitini ni rahisi, shika chupa ya maji kifuani.

Huku kuongeza ndiyo siri ya zoezi. Anayeinua chupa ile ile kwa mwaka mzima haongezi nguvu. Lakini usiruke kutoka nusu lita hadi dumu la lita tano. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa wewe unajua kuandika. Tengeneza daftari. Andika tarehe, jina la zoezi, mara ngapi na uzito gani. Baada ya miezi mitatu soma ukurasa wa kwanza. Utaona mwenyewe ulikotoka.

Miguu ikiganda

Wagonjwa wengine hufika mlangoni na miguu ikagoma, kana kwamba imeshonwa na ardhi. Usimvute wala usimsukume, ataanguka. Mwambie asimame kwanza na avute pumzi. Kisha ahamishe uzito wa mwili kulia na kushoto. Halafu ahesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu," na atoe hatua ndefu. Unaweza kuweka kijiti sakafuni mbele yake ili akivuke. Ukiwa na ngoma au wimbo wenye mpigo, utumie. Wakati wa kugeuka, azunguke kwa hatua nyingi kama gari linavyokata kona. Asigeuke papo hapo kwa mguu mmoja.

Dawa na chakula

Ipo dawa inayoitwa levodopa. Ubongo huigeuza kuwa dopamini. Dawa hii ilianza kutumiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1960, na imewasaidia watu wengi. Huenda zahanati ya kijiji isiwe nayo. Hapo omba barua ya rufaa uende hospitali. Muleba ziko hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage, na mjini Bukoba iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Kumeza dawa kuna taratibu zake. Imeze saa zile zile kila siku. Usiiache ghafla, ni hatari. Usigawane na mtu. Yafaa imezwe kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu vyakula vya kujenga mwili kama maharage, nyama, samaki na dagaa vinaweza kuizuia isifanye kazi vizuri. Lakini usiache kula vyakula hivyo, maana ndivyo vinavyojenga misuli unayoifanyisha mazoezi. Tenganisha saa tu. Meza dawa, ngoja, kisha kula matoke yako na maharage.

Kula mboga, matunda na unywe maji ya kutosha ili upate choo. Mgonjwa anayepaliwa mara kwa mara ale akiwa ameketi wima na kwa vipande vidogo, na mtabibu aambiwe.

Wapo watakaokuuzia mizizi na unga wa kuponya Parkinson. Waulize, "Ni nani aliyepona?" Usibadilishe ng'ombe kwa maneno.

Kazi ya jamaa na majirani

Usimfanyie mgonjwa kila kitu. Mpe muda afunge vifungo mwenyewe. Mpe kazi anayoiweza, kama kuchambua maharage, kuanika kahawa au kupalilia kidogo kibanjani. Ondoa vitu vya kumkwaza njiani, hasa usiku. Weka mti wa kushikia njia ya chooni. Mwambie aongee kwa sauti kubwa, na usimkatize. Uso usiocheka hauna maana kwamba amekasirika. Amri ya kucheka imechelewa njiani tu.

Mtazame na moyo wake pia. Huzuni ni sehemu ya ugonjwa huu, na inatibika. Mwambie mtabibu.

Mzee wetu sasa

Baada ya kujua ugonjwa wa yule mzee nilikwenda kwake. Nilimwamkia, nikamwomba radhi. Alinyamaza kwa muda mrefu nikadhani amekataa. Kisha akasema, "Mwalimu, keti. Jibu langu nalo siku hizi linatembea polepole."

Alianza dawa. Mjukuu wake alimkatia mpira wa baiskeli na kuufunga kwenye nguzo ya baraza. Siku ya kwanza hakuweza kuinuka kitini bila kusukuma kwa mikono. Baada ya miezi mitano alifika mara 12, mikono ikiwa kifuani. Mkono wake bado unatetemeka. Siku nyingine mwili humgomea kabisa, na siku hizo hukaa. Lakini huenda mwenyewe mpaka kwenye migomba yake na kurudi.

Mwaka huu amerudi darasani. Nimempigia mistari mipana katika daftari, na kabla ya kuandika kila neno husema kwa sauti, "Kubwa!" Wenzake hawacheki tena. Wiki iliyopita alimwandikia mwanawe barua ya mistari sita. Niliisoma yote, mpaka neno la mwisho.

Ndugu msomaji, ukiona mwandiko wa mtu unapungua, au mkono wa mzazi wako unatetemeka juu ya paja, usicheke wala usitafute mchawi. Mpeleke akapimwe.

Maswali

1. Kwa nini mwandiko wa mzee ulikuwa mdogo?
2. Taja dalili nne kubwa za Parkinson.
3. Je, kila anayetetemeka ana Parkinson? Eleza.
4. Chupa mbili zina maji, kila moja lita moja na nusu. Uzito wa maji yote ni kilo ngapi?
5. Utaongeza uzito lini, na utaanza tena mara ngapi?
6. Mgonjwa akiganda mlangoni, utafanya nini?

Kazi ya darasa

Fanyeni zoezi la 1 na la 3 pamoja, wazima na wagonjwa, kila mmoja mara 8. Kisha mjadiliane: katika kijiji chetu, watu husema nini juu ya mtu anayetetemeka? Lipi ni kweli, na lipi si kweli?